Mjengo Mkali, Kilo Ngapi?

Oya, masela wa uwanda wa Makonde. Mnada wa korosho ukishapigwa, mpunga ukishasoma kwenye akaunti, kitaa kizima kinageuka saiti. Saruji zinashushwa usiku, nondo zinalia, fundi anakuwa adimu kuliko staa wa Bongo Fleva. Fresh sana. Kelele za kujenga nazikubali kinoma. Ila kuna kitu kinauma: mijengo yote inafanana. Newala, Kitangari, Chilangala, ukishuka Masasi ndio usiseme. Boksi jeupe, mstari wa kijivu, kioo cha bluu, geti jeusi lenye maua ya dhahabu. Ramani ilichorwa kwa ajili ya kiwanja cha Goba huko Dar, mwana akaiona kwenye simu, akamwambia fundi "nataka hii hii". Una hela, una kiwanja, una upepo wa bure, una fundi wa vinyago nyumba ya tatu, halafu unajenga nyumba ya mtu mwingine. Huo ni ushamba, tena ushamba wa bei mbaya.

Na bei tutaisema kwa lugha yetu. Huku shilingi ni tafsiri tu, hesabu halisi ni kilo ya korosho. Mwaka 2018 Magufuli alipotangaza serikali itanunua kwa 3,300 na jeshi likaja kusomba mzigo, hata mtoto wa darasa la pili alikuwa anajua bei ya siku. Oktoba 2024 mnada ukavuka 4,000, watu wakadata. Mimi hapa nitapiga kwa 3,000, namba ya kichwani, nimeshayapa makato chao. Kwa hiyo kila ukiona kitu kinang'aa dukani, swali ni moja tu: kilo ngapi? Ila usimpelekee muuza bati kangomba yako, mwanangu. Kangomba, yaani korosho za kupita nje ya mnada, ni kesi.

Tuanze juu. Mfalme wa ushamba kwa sasa ni paa la kuficha. Unapandisha ukuta ukapita linta, bati linalazwa kwa ndani, ukisimama barabarani huoni bati, unaona boksi. Kwenye picha linaleta. Uwandani, subiri Januari. Maji ya bati yanashukia mfereji uliobanwa kati ya bati na ukuta. Jani la mkorosho likidondoka, ndege akijenga kiota, mfereji umekufa. Maji hayana pa kwenda, yanaingia ndani. Jipsamu inaanza kuchora ramani ya Msumbiji. Fundi anakuja na ndoo ya lami, anaziba, anakula chake, anasepa. Mwakani ramani imeongezeka jimbo. Na hujahesabu bado zile tofali za ziada za kupandisha ukuta, zege la kufungia juu, plasta pande mbili, rangi pande mbili. Milioni 3 ikienda kwenye kuficha bati peke yake, hiyo ni kilo 1,000. Tani nzima ya korosho, gunia kumi na mbili na nusu za kilo themanini, zimeenda kuficha kitu ambacho kazi yake ni kuonekana na kumwaga maji.

Na hapo kwenye maji ndio hasira zangu zinapanda. Uwanda hauna mito, hilo wote tunalijua, na shingo ya bi mkubwa wako inalijua kuliko wote. Enzi hizo wanawake walikuwa wanateremka ukingo wa uwanda mpaka bondeni, wanapanda tena na mtungi kichwani, kisha mtu anaoga kwa kikombe. Mradi wa maji wa Makonde ulianza enzi za mkoloni, miaka ya 1950. Wafini nao wakaja miaka ya 1970 na visima na pampu zao. Chanzo cha Mitema kule Kitangari kinasukuma maji yanapanda mlima mpaka leo, na bado kuna siku unafungua bomba linakohoa tu. Ndio maana nyumba yenye akili Newala ina gata, ina bomba linaloshuka, ina kisima cha mvua pembeni kimejengewa kwa zege na kina mfuniko. Sasa wewe unakuja na boksi lako, maji yote ya Mungu yanatokea kwenye kibomba kimoja cha inchi mbili nyuma ya ukuta, yanachimba korongo kwenye msingi wa jirani.

Piga hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 10, hiyo ya kawaida kabisa ya jioni moja ya Februari: lita 1,000. Toa zinazoruka na zinazovuja, baki na 800. Ndoo arobaini. Jioni moja. Mwaka ukinyesha milimita 800, paa hilo hilo limepokea lita 80,000. Halafu mwezi wa tisa uko kwenye foleni na madumu, umevaa raba kali, unauza sura kwa nani?

Kwa hiyo dili ni hili: paa lionekane. Lishushe lipite ukuta kwa mita nzima, upate kivuli cha bure na ukuta usilowe. Rangi ya bati ichague wewe, ila tafadhali sana ile bluu ya kituo cha mafuta iache huko huko. Kahawia iliyokolea, kijivu cha mkaa, nyekundu ya udongo wetu, hizo zinakaa. Gata usiifiche, ipake nyeusi, ifanye iwe mstari wa mapambo. Bomba la kushusha maji lipitishe mbele kabisa ya nyumba, mgeni alione. Mfuniko wa kisima upandishe kidogo, usakafie vizuri, umepata baraza. Masela wanakaa juu ya lita elfu ishirini wanapiga stori. Dar nzima nitajie nani ana hiyo.

Mjomba atakwambia gata ni mapambo ya shule ya msingi. Mwache. Mjomba ndiye aliyesema simu ya kupangusa haitadumu.

Na kama unadhani paa la kukusanya maji ni mambo ya kijijini, mtafute Beda Amuli. Msanifu Mbongo, kichwa, ndiye aliyechora Soko la Kariakoo lililokamilika miaka ya 1970. Liangalie lile paa: miavuli ya zege imepinduliwa, midomo inaangalia juu, maji ya mvua yanashukia katikati na kuteremka kwenye nguzo. Julai 2021 soko likaungua, likaja kukarabatiwa, lakini picha ya ile miavuli hakuna asiyeijua. Umaarufu wake wote ule unatoka kwenye paa ambalo halijifichi. Jamaa alichukua mvua akaifanya staili. Huyo ndiye wa kuiga, sio akaunti ya dalali.

Sasa kamatia hapa, maana hii watu wengi wa kitaa hawaijui na iko mkoani kwetu. Mtwara Vijijini kuna nyumba 110 zimesambaa kwenye vijiji zaidi ya hamsini, zinaitwa Star Homes. Zimechorwa na wasanifu wa Denmark, jamaa wa ofisi ya Ingvartsen na profesa wao Jakob Knudsen, wakishirikiana na watafiti wa Kibongo akina Salum Mshamu. Familia zilizopewa zilipatikana kwa bahati nasibu. Kitu na boksi, bure. Zali la mwaka! Ila mchongo wenyewe ulikuwa utafiti: kuwafuatilia watoto waliolala humo na watoto wa nyumba za kawaida za miti na udongo, waone nani anaugua malaria, nani anaharisha, nani anakohoa. Waliolala kwenye nyumba mpya wakaugua malaria mara chache zaidi.

Ila mimi dizaini ndio imenimaliza. Ghorofa. Nyembamba, imesimama wima, fremu ya chuma chepesi. Vyumba vya kulala viko juu, kwa sababu mbu wa malaria wengi wanaruka chini chini, na juu upepo unapita. Kuta za juu sio tofali, ni wavu mgumu, hewa inaingia, mbu anabaki nje analia. Jiko lina njia ya moshi. Choo kina sakafu safi na mfuniko. Maji ya paa yanaingia kwenye tanki. Usiku taa ikiwaka ndani, nyumba nzima inang'aa kwa nje, ukipita na bodaboda unapunguza mwendo mwenyewe. Na kwa sababu ni nyembamba na nyepesi, zege na tofali zilizotumika ni kidogo kuliko kibanda cha kawaida cha tofali. Hapo hapo ghorofa! Yaani wewe unaongeza saruji ili uonekane umetoboa, mwenzako anapunguza saruji na anakuangalia kutoka juu.

Muoneshe mshua picha utasikia: "Nyumba ya chandarua? Mwizi atapita na wembe." Mshua, nyumba yako ya tofali ina grili kila dirisha na redio iliibiwa mchana kweupe, mlango ukiwa wazi.

Kitu kimoja ningekibadilisha nikiileta Newala. Sisi tuko ukingoni, Juni na Julai upepo unapanda kutoka bonde la Ruvuma, lile korongo la Shimo la Mungu linapuliza, unalala na koti. Wavu mtupu hautoshi. Weka vibao vya mbao vya kufungua na kufunga kwa ndani, usiku wa baridi unafunga, mwezi wa kumi na moja unaachia. Masasi chini kule joto linakaa kati ya ile milima ya mawe, wavu ubaki wazi mwaka mzima, asiyetaka akalale nje.

Madirisha tuyamalize. Kioo kikubwa cha aluminiamu, nusu yake haifunguki, kimeangalia magharibi. Saa kumi jioni sebule inapika. Mwenye nyumba ananunua feni. Feni inazungusha joto. Ananunua pazia zito kuzuia jua. Sasa ana dirisha la bei, amelifunika, anawasha taa mchana. Kioo kilo mia tatu, pazia kilo hamsini, feni kilo thelathini, giza bure. Kata dirisha ligeuke kaskazini au kusini. Kwa magharibi weka tofali za matundu, zile ambazo zahanati na shule za zamani zinazo na watu wanadhani zimepitwa. Hazijapitwa, zimerudi, na zimerudi na mzuka. Saruji tunayo jirani, kiwanda cha Dangote pale Mtwara kilizinduliwa 2015 chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka. Tengeneza fremu yako ya mbao, chora umbo lako mwenyewe, mwaga tofali hamsini nyuma ya nyumba. Ukuta mzima wa matundu, nyuma yake wavu wa mbu. Jioni jua linachora sakafuni, na mchoro huo hauna mtu mwingine yeyote Tanzania hii.

Kuhusu rangi nyeupe nitasema mara moja tu. Udongo wetu mwekundu. Mvua ya kwanza inarusha tope, kiangazi kinarusha vumbi. Nyumba nyeupe ikifika Agosti imevaa soksi nyekundu mpaka kwenye magoti ya dirisha. Unapaka upya kila msimu, kilo themanini zinaenda kwenye vita na ardhi, na ardhi haijawahi kushindwa. Ungana nayo. Ukuta mwekundu haudaiwi kufuliwa.

Na hapa ndio wazee wanachekesha kuliko mahali popote. Ukisema udongo, mjomba anatoa macho. Kwake udongo ni umaskini, ni nyumba ya fito ya babu yake, ni kitu alichokikimbia. Sawa mjomba. Mwaka 2022 tuzo ya Pritzker, ndio tuzo kubwa kabisa ya usanifu duniani, ilienda kwa Francis Kéré, mchizi wa Burkina Faso, Mwafrika wa kwanza kuichukua. Alianzia wapi? Shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, ilikamilika 2001, tofali za udongo zilizochanganywa na saruji kidogo, bati limenyanyuliwa juu ya dari ili joto litoke. Wanakijiji wenzake ndio waliojenga. Mjomba anaona udongo anaona aibu, dunia inaona udongo inatoa kombe.

Kwa Bongo hii, NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba, wamesukuma miaka mingi zile tofali za kufungamana: udongo, saruji kidogo, mashine ya kugandamiza, tofali moja inajifunga kwenye nyingine. Saruji ya kuunganisha tofali na tofali haihitajiki, plasta huitaki, unaacha ukuta uchi na unapendeza. Tofali hizi hazichomwi, kwa hiyo hatumalizi miti ya watu. Ila nisikilize vizuri, usije ukaniletea lawama: udongo wa uwandani sehemu nyingine una mchanga mwingi. Fundi apime kwanza, achanganye, atengeneze chache, aziloweke, aone zinashika. Msingi upandishe, paa lishuke, tope lisiguse. Udongo unaokaa mkavu unadumu. Unaolowa kila siku unarudi shambani.

Tuingie ndani sasa, lakini kabla ya kuingia kuna mlango, na mlango nina stori ambayo kila nikiisimulia masela wanapiga kofi.

Mwaka 1906 Mjerumani mmoja wa makumbusho ya Leipzig, Karl Weule, alizunguka huku kwetu, Masasi, Newala, akiandika kila anachokiona. Jamaa alilalamika sana kuhusu upepo na baridi ya Newala, lakini alipofika kijiji cha Jumbe Chauro akakutana na kufuli la Kimakonde, akalichora kwenye kitabu chake. Sikia linavyofanya kazi. Ndani ya mlango kuna nguzo. Kwenye nguzo linapita komeo kubwa la mbao linalokandamiza mlango. Komeo lina matundu matatu. Ndani ya nguzo kuna vijiti vitatu vinavyoteleza wima, vinadondokea kwenye yale matundu, komeo limefungwa. Kufungua, ukutani kuna tundu la kuingiza mkono. Unapitisha ufunguo wa mbao, urefu kama futi moja, umepinda kidogo, una meno matatu. Meno yanapanda, yanavisukuma vijiti juu, komeo linatoka.

Vijiti, meno, komeo. Fungua kitasa chako cha dukani utakuta akili hiyo hiyo, ya chuma tu. Kufuli la mbao, bila msumari, limetengenezwa na mababu zetu uwandani. Na sisi leo tunaagiza mlango wa chuma wa China wenye simba wawili na rangi ya dhahabu inayobanduka baada ya masika mawili. Kilo mia nne! Simba wenyewe wana sura ya mbwa.

Huu ndio mchongo wa kwanza wa mtu yeyote anayejenga msimu huu: tafuta fundi mbao na fundi kinyago, wakae pamoja, wakutengenezee hilo kufuli. Kitasa cha kisasa kiwepo pia, usalama ni usalama. Lakini komeo la Kimakonde liwe ndilo uso wa mlango. Mgeni akifika asijue afungue vipi. Umsubirishe sekunde kumi. Umfundishe. Ameshanyooshwa kabla hajakaa.

Mbao ya mlango iwe mninga au mkongo, na kibali kiwepo, mbao isiyo na karatasi ni kesi ya pili baada ya kangomba. Mpingo usiumalize kwenye mlango. Mpingo unakua taratibu kinoma, mzito mpaka unazama kwenye maji, na vipande vikubwa ni adimu. Weka mpingo pale mkono unapogusa: kishikio, meno ya ufunguo, kitasa cha kabati, ukingo wa ngazi. Miaka ikipita mkono unaupaka mafuta, unazidi kung'aa. Hakuna plastiki inayofanya hivyo.

Sebule. Haya, jipsamu. Dari limepanda ngazi tatu limeshuka mbili, katikati kuna ua, ndani ya ua kuna ua jingine, pembeni mkanda wa taa unabadilika rangi. Nyekundu, kijani, zambarau. Bibi wa watu anaswali Isha kwenye taa ya zambarau. Umeme ukikatika unabaki na keki ya harusi iliyoganda juu ya kichwa. Kilo ngapi? Usiniambie, nitaumwa. Chukua mbao nyembamba, au mianzi iliyonyooka na kutibiwa wadudu, tandaza dari moja tambarare, acha nafasi hewa ya moto itoke juu. Taa iwe moja ya manjano hafifu, ishuke chini, ivae kibuyu kilichotobolewa. Vibuyu tunavyo tunavipiga mateke.

Ukuta wa tivii wa marumaru feki wa plastiki, huo sina ugomvi mrefu nao. Unabanduka wenyewe.

Sofa la umbo la L. Milioni moja na nusu, kilo mia tano. Limejaa sebule, mlango wa chumbani unafunguka nusu. Halafu bi mkubwa anapitisha vitambaa vya kufuma, kila mgongo wa sofa umevaa kilemba, na plastiki ya dukani haitolewi ili sofa "lisichakae". Joto la Novemba, suruali imenata, unanyanyuka na sofa. Na pembeni kabati la vioo lenye vikombe sita ambavyo hakuna binadamu aliyewahi kunywea. Vinasubiri mgeni. Mgeni gani? Amekuja mpaka shehe, amekuja mpaka padri, wote wamekunywea vya plastiki. Wazee hawa ndio wanatufundisha matumizi mazuri ya pesa.

Jengea benchi la tofali kuzunguka kuta mbili za sebule. Lisakafie, lipake rangi ya udongo, tupia magodoro membamba na mito ya kitenge. Chini yake ni stoo. Halivunjiki, halihamishwi, linakaa nyomi ya watu kumi na mbili siku ya mechi, na limegharimu tofali zilizobaki. Mito unabadilisha ukichoka. Hapo nimekuokolea kilo mia nne na hamsini, utanishukuru.

Sasa vinyago. Hapa naomba umakini wa kila mtu, maana hapa ndipo tunapojiaibisha mbele ya dunia. Mzungu anapanda ndege, anafika Mwenge Dar, anabeba kinyago cha Kimakonde kwenye sanduku, anakiweka sebuleni kwake Berlin na taa yake maalumu. Mchongaji Samaki Likankoa miaka ya 1950 alichonga shetani lake kwa mtindo ambao haukuwahi kuonekana, mtindo ukaenda dunia nzima. George Lilanga, aliyezaliwa 1934 akafariki 2005, aliwatoa mashetani kwenye mti akawapaka rangi kali, masikio makubwa, matumbo ya kuchekesha, vidole viwili miguuni, makumbusho ya nje yanagombania. Halafu ingia nyumba ya Mmakonde mwenyewe, Newala hapa hapa. Ukutani kuna bango la maporomoko ya maji ya Uswisi na saa yenye swani.

Wazee wanasema kinyago ndani ya nyumba kinaita majini. Majini yapi? Ya Kijerumani? Maana huko vimejaa na watu wanalala fofofo. Muogope mkopo wa jipsamu, ndio unaotembea usiku.

Kinyago kikae peke yake. Hili ni la muhimu. Usivipange kumi kwenye meza kama duka. Jenga kijishimo ukutani wakati tofali zinapanda, urefu wa mkono, weka kimoja, taa moja ndogo kutoka juu, basi. Kivuli kitafanya kazi iliyobaki. Ukitaka mnara wa ujamaa, wale watu wanaopandana mmoja juu ya mwingine, agiza mrefu usimame kwenye kona ya ngazi. Rangi za nyumba mwazime Lilanga: ukuta wa udongo, mlango mmoja wa njano kali, fremu za dirisha za bluu ya mawingu. Mlango mmoja, nimesema mmoja. Na barakoa za mapiko, tuheshimiane: ile iliyochezewa ngomani ina wenyewe na ina mambo yake, usiinunue kwa mlevi. Nenda kwa mchongaji, agiza mpya, mlipe bei yake bila kulia lia. Kama hukumlilia muuza kioo cha bluu, usimlilie fundi wa kwenu.

Na wewe usiye na kiwanja, uko kwenye geto la chumba kimoja nyuma ya stendi, usinune, tumekuwekea fungu lako. Kilo mia moja. Laki tatu. Kilo ishirini na tano ziende kwenye rangi: kuta tatu nyeupe ya maziwa, huku ndani vumbi halifiki sana, na ukuta mmoja wa kitandani mwekundu wa udongo. Kilo kumi na tano pazia la kitenge kuanzia juu ya dari mpaka sakafuni, hata kama dirisha lenyewe ni dogo kama bahasha. Kilo kumi na mbili taa ya kibuyu na waya wake. Kilo kumi mkeka mzuri wa ukili, ubandue lile zuria lenye chui. Kilo tatu mtungi wa udongo kwa akina mama wanaofinyanga, maji yanapoa bila umeme na kona imependeza. Kilo ishirini na tano kinyago kimoja, kidogo, cha mchongaji kijana ambaye bado hajulikani, mwambie achonge jina lake chini.

Jumla tisini. Zile kumi usiuze. Zichome nje uzibangue, moshi wake ni mkali na mafuta yake yanachoma, kaa upande unaotoka upepo. Ukimaliza waite masela, chumvi kidogo, taa ya kibuyu iwashwe. Mjomba akipita akauliza mbona humu ndani hamna hata sofa, mpe korosho.